Chumba Kidogo cha Juu: Pahali pa Kupumzika Kweli

Andiko la msingi: 2 Wafalme 4:8–11. Soma pia Marko 6:30–32 na Zaburi 121.



Shule zinafungwa, wale wa majani chai walishapata bonasi yao, na vyama vinakaribia kugawana pesa za mwaka. Huu ndio wakati watu wananisimamisha nje ya kanisa na kuniuliza, "Pasta, Desemba tunataka kutoka kidogo na familia. Tulale wapi?" Wengine wananiuliza kwa sababu wanajua nilisoma biashara, wanadhani nina orodha ya bei za hoteli mfukoni. Sina. Lakini swali lenyewe ni zuri kuliko wanavyodhani, na Biblia ina jibu lake.

Wako wengine ambao hawaulizi kabisa, kwa sababu wanaona kupumzika ni uvivu uliovaa suti. Utamsikia mtu wa Mungu akisema, "Shetani hapumziki, mbona mimi nipumzike?" Mpendwa, tangu lini shetani akawa mfano wako? Mfano wako ni yule aliyeumba kwa siku sita na ya saba akapumzika. Mfano wako ni Yesu, ambaye wanafunzi waliporudi kutoka huduma wakiwa hawana hata nafasi ya kula, aliwaita waende kando, pahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Hilo liko Marko 6. Aliyewaambia waende kuhubiri ndiye huyo huyo aliyewaambia wapumzike. Ukitii agizo la kwanza na kukataa la pili, umetii nusu.

Hata serikali yetu imeelewa jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa likizo isiyopungua siku 21 za kazi, na malipo kamili, baada ya kila miezi 12 kazini. Ndugu mwajiri uliye hapa, uliye na msichana wa kazi nyumbani na kijana wa ng'ombe kule shambani, hiyo sheria inakuhusu. Huwezi kuja hapa kuimba juu ya pumziko la Bwana na nyumbani kwako kuna mtu hajaona kwao tangu Pasaka.

Mama wa Shunemu alifikiria nini

Sasa tuingie kwenye andiko. Elisha alikuwa mtu wa barabara. Alipita Shunemu mara kwa mara, na mama mmoja mwenye uwezo akawa anamkaribisha chakula. Siku moja mama huyu akamwambia mume wake kwamba huyu anayepita hapa ni mtu mtakatifu wa Mungu, basi wamjengee chumba kidogo juu, wamwekee kitanda, meza, kiti na kinara cha taa, ili akija apate pahali pa kuingia. Mstari wa 11 unasema siku moja akaja, akaingia katika kile chumba, akalala.

Angalia vizuri. Huyu mama alikuwa na mali. Angeweza kuweka mazulia na vyombo vya kuonyesha majirani. Hakuweka. Aliketi chini akajiuliza, mtu aliyechoka anahitaji nini hasa? Akapata vitu vinne. Mimi naviona kama maswali manne ya kuuliza kabla hujatuma pesa ya chumba popote pale, iwe ni Diani, Naivasha au hapa karibu.

Kitanda: Je, nitalala?

Inaonekana ni swali la kitoto, lakini watu wengi hawaulizi. Wanauliza kama kuna bwawa la kuogelea, kama kuna intaneti, kama picha zitatoka vizuri. Hawaulizi kama ukuta wa chumba chao unapakana na baa.

Mwambie jirani yako: uliza juu ya usiku! Piga simu. Uliza muziki unazimwa saa ngapi. Uliza jenereta iko upande gani stima ikipotea. Uliza kuhusu neti ya mbu kama unaenda pwani, au kama unashuka upande wa Mbeere na mabwawa ya Masinga na Kiambere. Na tuseme ukweli, uliza pia kama kuna kanisa karibu, kwa sababu sisi watu wa kesha tunajua spika zetu. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinagusa baa na makanisa vilevile. Amina? Naona hiyo amina imekuwa ndogo.

Kumbuka Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka Karmeli, amekimbia, amefika chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Hakumpa semina. Alimwacha alale, akamtuma malaika amguse na kumpa chakula, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, kule Horebu. Kuna watu hapa wanafunga siku saba wakitafuta sauti ya Mungu, na Mungu amekuwa akingoja walale kwanza.

Meza: Nani atapika?

Akina mama, hapa nasema kwa niaba yenu. Familia inakodisha nyumba nzima ya kujipikia kwa sababu ni bei nafuu. Baba anafurahi, watoto wanafurahi. Mama anaamka saa kumi na mbili kutafuta sufuria katika jikoni ambalo hajalizoea, anapika chai, anaosha vyombo, na kabla hajakaa, watu wanauliza chakula cha mchana kiko wapi. Huyo mama hajaenda likizo. Amehamisha jikoni tu.

Sisemi nyumba za kujipikia ni mbaya. Shirika la KWS lina nyumba kama hizo katika Mbuga ya Taifa ya Meru, pahali pazuri sana. Ninachosema ni hiki: mkichagua nyumba ya namna hiyo, andikeni zamu kabla ya kuondoka, na jina la baba liwe ndani. Na kama hamwezi kukubaliana juu ya zamu, lipieni pahali ambapo chai ya asubuhi iko ndani ya bei.

Na hapa mniruhusu hesabu kidogo, ndiyo kazi niliyosomea. Tuseme baba, mama na watoto wawili wanataka siku nne. Chumba cha kwanza ni Sh3,000 kwa usiku, kiko mbali, hakina chakula. Siku nne ni Sh12,000. Lakini kila siku mtalipa usafiri wa kwenda na kurudi, tuseme Sh1,200, na chakula cha nje Sh3,000. Jumla yote ni Sh28,800. Chumba cha pili ni Sh5,500, kiko karibu na mnakotaka kwenda kwa miguu, na chai ya asubuhi ya nguvu iko ndani. Siku nne ni Sh22,000. Mkiongeza Sh1,500 kila siku ya chakula cha jioni, jumla ni Sh28,000. Kile cha "bei rahisi" ndicho kilikuwa ghali, na bado kingewachosha. Bei ya chumba ni mlango tu. Uliza gharama ya nyumba nzima.

Kiti: Je, tutaketi?

Kiti ni kitu cha kukaa bila kwenda popote. Elisha alikuwa mtu wa kutembea, na mama akaona anahitaji kiti.

Likizo zetu nyingi hazina kiti. Tunatoka Meru saa nane za usiku, tunafika Nairobi alfajiri, tunashika safari ya Mombasa, jumla karibu kilomita 700. Kesho yake Fort Jesus, kesho kutwa Haller Park, siku ya nne Diani, siku ya tano tunageuka. Tumeona kila kitu na hatujaonana. Kuna mume na mke hapa ambao hawajaketi pamoja nusu saa bila simu tangu mwaka uanze. Nyinyi hamhitaji kuona tembo. Mnahitaji baraza na viti viwili.

Tena wengi wetu tumerukwa na baraka iliyo mlangoni. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kupumzika katika Mbuga ya Meru, pale Joy na George Adamson walipomwachilia huru simba wao Elsa, na wewe umezaliwa Maua hujawahi kuingia lango la Murera. Kirimaara yetu, mita 5,199, imeandikwa na UNESCO tangu 1997 kama urithi wa dunia nzima, na sisi tunaiangalia kwa dirisha la matatu. Pale Embu mjini kuna hoteli kongwe, Izaak Walton Inn. Jina hilo ni la Mwingereza aliyechapisha kitabu cha uvuvi mwaka wa 1653, mtu aliyeamini kwamba kukaa kimya kando ya mto ni kazi nzuri ya mtu anayetafakari. Mito tunayo. Rupingazi iko, Thuci iko. Ukitafuta kiti, si lazima uvuke kaunti tano.

Na kwa wale watakaosafiri mbali, sikieni. Barabara yetu ya Embu kwenda Meru inapita daraja la Nithi. Sihitaji kuwaeleza. Julai 2022 watu zaidi ya 30 walikufa pale katika basi moja, na kuna nyumba katika kaunti hizi ambazo bado zinalia. Usisafiri usiku kucha ili kuokoa pesa ya chumba cha usiku mmoja. Lala, uamke, usafiri mchana na dereva aliyelala.

Taa: Je, ninaona?

Taa ilikuwa ya kusomea na ya kuonea. Hapa nina mambo mawili.

La kwanza, ona kabla ya kulipa. Wako ndugu waliotuma pesa kwa M-Pesa kwa picha nzuri ya nyumba ya ufuo, wakafika na watoto na mizigo, wakakuta nyumba haipo na simu imezimwa. Imani haimaanishi kutuma pesa gizani. Omba mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa ndani ya chumba. Omba jina kamili, na ulinganishe na jina linalotokea M-Pesa. Tafuta mtu aliyelala pale ukamuulize. Anayekuharakisha ati chumba kitachukuliwa dakika hii, mwache kichukuliwe.

Na usilipie pumziko kwa mkopo. Mithali 22:7 inasema mkopaji ni mtumwa wa mkopeshaji. Ukilala Desemba kwa pesa ya mkopo wa simu, Januari karo na Fuliza vitakuamsha. Kama pesa haitoshi siku nne, nenda siku mbili. Yule mama alisema chumba kidogo, na kidogo kilitosha.

La pili, usizime taa ya Mungu. Kuna mtu akivuka Thika Biblia inabaki nyumbani. Chagua pahali ambapo dhamiri yako pia itapumzika. Lutu alichagua kwa macho, Mwanzo 13. Aliona bonde lina maji mengi, linapendeza, akasogeza hema mpaka Sodoma. Picha ilikuwa nzuri, majirani hakuuliza. Lakini Yesu katika ile wiki ya mwisho, mji wa Yerusalemu ukiwa umejaa watu na fitina, alitoka jioni akaenda kulala Bethania, kama kilomita 3 hivi, kwa watu waliompenda. Mathayo 21:17. Naye pia aliangalia atakapolala.

Mama mmoja wa kwetu

Nitawapa ushuhuda. Mwenyewe ameniruhusu, bila jina. Ni mama wa kanisa letu mwenye duka la mbegu na fatalaiza upande wa Runyenjes. Miaka kumi na moja hajafunga duka isipokuwa Jumapili asubuhi. Mwaka juzi presha ilipanda, daktari akamwambia waziwazi: pumzika, au watoto wako watakuzika.

Watoto wake, Mungu awabariki, wakachanga wakamlipia hoteli kubwa pwani. Kila usiku kulikuwa na disko mpaka saa tisa. Chakula kilikuwa cha kila aina, lakini alikula akiwa peke yake kati ya watu asiowajua. Simu ilikuwa mkononi, wateja wanauliza DAP imefika. Siku ya tatu akarudi, na presha ilikuwa juu kuliko alivyoondoka. Watoto wakaumia. Wakadhani mama hana shukrani.

Tulikaa naye, mimi na mke wangu, tukamuuliza, "Mama, unaogopa nini?" Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Nikifunga, wateja wataenda. Baba yao alipokufa, ni hilo duka lilitulisha. Nikilala, naona kama ninaacha watoto wangu na njaa." Watoto wenyewe wana ndevu, wengine wana magari. Lakini ndani yake bado alikuwa mjane kijana anayelinda mlango.

Wapendwa, hapo nikaelewa kwamba hakuna hoteli itakayompumzisha mtu ambaye hajaamini kuna mwingine anayelinda. Tulifungua Zaburi 121 pamoja. Anayemlinda Israeli hasinzii wala halali usingizi. Maana yake ni kwamba zamu ya usiku imeshachukuliwa. Tukasoma pia Kutoka 16, ile mana ya siku ya sita iliyotosha siku mbili. Sabato ilikuwa mtihani wa kila wiki: unaamini kwamba usipookota kesho, utakula?

Miezi mitatu baadaye alikubali kujaribu tena. Safari hii hakwenda mbali. Mwalimu mmoja mstaafu ana nyumba ndogo ya wageni upande wa Chogoria, juu karibu na msitu, chumba kimoja, baridi, blanketi nzito. Funguo za duka alimwachia mke wa mwanawe, na simu pia. Usiku wa kwanza hakulala vizuri, alikuwa anaomba na kulia. Siku ya pili aliamka saa nne asubuhi. Mama ambaye maisha yake yote huamka saa kumi na moja! Alikaa siku sita. Aliporudi, duka lilikuwa limeuza, na huyo mke wa mwana alikuwa amepanga rafu upya. Sasa kila miezi mitatu anaondoka siku mbili. Bado anameza dawa, bado anaonana na daktari, lakini yuko hai, na Jumapili iliyopita mlimwona akicheza hapa mbele.

Na asiye na pesa?

Najua kuna ndugu wa bodaboda na mama mboga wanasema, Pasta, hayo ni ya wenye magari. Rudi kwa andiko. Elisha alilipa shilingi ngapi? Hakulipa. Kuna mtu aliyeona amechoka, akafungua nyumba.

Hiyo ndiyo sehemu yetu kama kanisa. Tuna washirika Embu mjini wenye chumba cha ziada, watoto walishaondoka. Tuna washirika Meru, Nkubu, Chuka, Siakago. Mama wa Siakago anaweza kulala siku mbili kwenye ubaridi wa Nkubu, na mama wa Nkubu akaja kuota jua la Mbeere mwezi wa saba. Mchungaji wetu mkuu amekubali tuanze. Mwenye chumba aandikishe ofisini. Wazee watatembelea kila nyumba kwanza, na kila mgeni atakuwa na barua ya mchungaji wake. Kwa mgeni, sheria ni moja: usihubiriwe, usipewe kazi, usiulizwe maswali mengi. Kitanda, meza, kiti, taa.

Na kwa mwenye nyumba nina neno. Endelea kusoma hiyo sura. Yule mama alipata mtoto, mtoto akakua, siku moja akaumwa kichwa shambani akafia magotini pa mama yake. Mama alimpeleka wapi? Alipanda naye mpaka kile chumba kidogo, akamlaza juu ya kitanda cha mtu wa Mungu, akafunga mlango, akaenda Karmeli kumtafuta Elisha. Na ni juu ya kitanda hicho mtoto alifungua macho. Alipokuwa akinunua zile mbao, hakujua kwamba anatengeneza pahali ambapo muujiza wake mwenyewe utatokea.

Tuombe

Baba, wako waliochoka na wanaona aibu kusema. Wapatie pahali. Waliobeba duka, shamba, ndoa na huduma kana kwamba wewe umelala, waonyeshe kwamba wewe huna usingizi. Ulinde barabara zetu Desemba hii. Utupe macho ya yule mama wa Shunemu, tuone aliyechoka akipita mlangoni petu. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Mara ya mwisho ulipumzika kweli ilikuwa lini, na ni kitu gani kilisaidia?
2. Katika kitanda, meza, kiti na taa, ni kipi kinakosekana zaidi nyumbani kwako?
3. Ni "duka" gani unaogopa kufunga hata siku moja? Ombeaneni.
4. Je, kikundi chenu kina nyumba moja inayoweza kuwa na chumba cha Shunemu? Leteni jina ofisini kabla ya Jumapili ijayo.